Sanduku la Barua: Gari Baya Ni Baya kwa Lipi?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wataje gari moja wanalolipenda na jingine wasilotaka hata kulisikia katika historia nzima ya magari, kila mmoja akitoa sababu zake. Barua zilizotufikia ni za moto. Majina yaleyale yamejitokeza pande zote mbili, na gari ambalo msomaji mmoja analiita fahari ya karne, mwenzake analiita balaa. Nimechagua zile zinazouliza jambo linaloweza kujibiwa kwa kufungua boneti na kutazama tarehe, kwa kuwa chuki nyingi dhidi ya magari, na hata mapenzi mengi, hurithiwa kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kushika usukani wa gari lenyewe.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na kaka yangu tumekuwa tukibishana tangu ujana wetu. Yeye anashikilia kwamba gari baya kuliko yote lililowahi kuundwa ni Edsel la kampuni ya Ford, kwa sababu hajaona jingine lililoanguka kwa kishindo kama kile. Mimi ninamwambia kwamba kukosa wanunuzi ni jambo moja, na kuwa gari baya ni jambo jingine. Tafadhali tuamulie.

JIBU: Hoja yako ina nguvu zaidi, ingawa kaka yako naye ana pa kusimama. Edsel lilizinduliwa tarehe 4 Septemba 1957 baada ya matangazo ya muda mrefu yaliyolificha gari kwa makusudi, yakionyesha umbo lililofunikwa au kipande kidogo tu, huku watu wakiahidiwa kitu kipya kabisa. Siku ilipofika waliona gari kubwa la Kimarekani lililojengwa juu ya fremu za Ford na za Mercury, chapa nyingine ya kampuni hiyohiyo, walizokwisha kuzizoea, likiwa na grili ya wima puani ambayo wengi waliifananisha na kola anayovishwa farasi wa kukokota mzigo. Mwaka uliofuata uchumi wa Marekani ulizorota, na magari ya bei ya kati, ambako Edsel lilikuwa limepangwa, ndiyo yaliyoumia zaidi. Uzalishaji ulikomeshwa Novemba 1959, na hasara inayotajwa mara nyingi ni dola milioni 250.

Wapo waliouhesabia uchumi lawama yote, lakini mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kosa la kwanza lilikuwa la kiwandani. Edsel halikupewa mstari wake wa kuunganishia. Lilipenyezwa katikati ya Ford na Mercury, na fundi aliyekwisha kushika mwendo wa gari moja alilazimika kugeuka ghafla, kuchukua vipuri vingine na kuvifunga kwa utaratibu mwingine, kisha arudie utaratibu wa awali gari linalofuata lilipomfikia. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya magari yaliwafikia wauzaji yakiwa na sehemu zilizofungwa ovyo, na mengine vipuri vikiwa bado vimelala ndani ya buti. Kosa la pili unaweza kuligusa kwa kidole: vitufe vya kuchagulia gia viliwekwa katikati ya usukani, mahali ambapo kiganja cha dereva wa miaka ile kilizoea kupata honi. Vitufe hivyo viliiamrisha mota ndogo ya umeme, na gari likiegeshwa kwenye mteremko mkali mota hiyo iliweza kushindwa kabisa kuiondoa gia katika hali ya maegesho.

Hata hivyo injini zake zilikuwa na nguvu ya kutosha na muundo wake haukuwa dhaifu kuliko wa ndugu zake wa Ford. Kwa hiyo ninaamua hivi: lilikuwa gari la kawaida, likafungwa kwa haraka, likauzwa kama muujiza. Kinachoniuma ni jina. Edsel Ford, mwana wa Henry Ford, alifariki mwaka 1943, miaka mingi kabla ya mkasa huu, naye ndiye aliyemwagiza mchoraji Eugene Gregorie amtengenezee gari lililokuja kuwa Lincoln Continental, mojawapo ya magari mazuri zaidi yaliyowahi kutoka Marekani. Mtu mwenye jicho kama lile amebaki akikumbukwa kwa gari ambalo hakulichora wala hakuliona.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mwalimu wangu wa udereva alikuwa akitutisha kwa habari za Chevrolet Corvair, akisema kwamba lilikuwa likiwapindukia watu hata wakiendesha kwa uangalifu. Baadaye nikasikia kwamba serikali ya Marekani ililichunguza na kulitakasa. Je, gari hili lilisingiziwa, au lilikuwa na hatia kweli?

JIBU: Hakuna swali katika safu hii nililolifurahia kuliko hili, kwa sababu majibu yote mawili uliyoyasikia yana ukweli ndani yake.

Corvair liliingia sokoni kwa mwaka wa modeli wa 1960, likiwa na injini ya silinda sita zilizolala, inayopoozwa kwa hewa na kufungwa nyuma kabisa, nje ya magurudumu ya nyuma. Kwa Marekani ya wakati huo lilikuwa wazo la kijasiri. Tatizo lilikuwa katika ekseli. Kila upande wa difu, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, ulikuwa na shafti yenye kiungo kimoja tu, kile cha ndani, na huko nje kwenye gurudumu hakukuwa na kiungo kingine. Gurudumu likawa linapanda na kushuka kama bawa la ndege linalopigwa kutoka begani. Gari likikata kona kwa kasi kubwa, sehemu ya nyuma hunyanyuka, na gurudumu la upande wa nje wa kona, ambalo ndilo limebeba uzito wote, hujikunja kuelekea chini ya gari hadi tairi linasimama kwa ukingo wake. Hapo sehemu ya nyuma hukatika ghafla, na dereva aliyezoea magari yenye injini mbele hana mazoea ya kulirudisha.

Wahandisi walilijua jambo hili. Dawa waliyoichagua ilikuwa upepo wa tairi: pauni 15 kwa kila inchi ya mraba mbele, na pauni 26 nyuma, gari likiwa halijapata joto. Tairi laini za mbele zilifanya gari liwe zito kugeuka, na hivyo nyuma isikimbilie kuteleza. Sasa mfikirie kijana wa kituo cha mafuta ambaye tangu aanze kazi amejaza tairi zote nne upepo sawa, naye anakuta tairi mbili za mbele zimelegea namna ile. Anafanya anachodhani ni wema: anachomeka mpira wa pampu na kuzikaza. Dereva anamshukuru, anaondoka, na kinga pekee aliyokuwa nayo imefutwa kwa dakika mbili. Kuna kifaa rahisi ambacho kingesaidia, nacho ni chuma cha kuzuia gari kulalia upande mmoja, lakini kiliachwa ili kupunguza gharama. Kilikuja kuwa cha kawaida mwaka 1964 pamoja na springi ya ziada ya kupitia chini ya ekseli ya nyuma, na mwaka 1965 mfumo mzima wa nyuma ulichorwa upya, ukapewa viungo vya nje vilivyokosekana.

Novemba ya mwaka huohuo wa 1965 ndipo mwanasheria kijana Ralph Nader alipotoa kitabu chake kuhusu usalama wa magari, ambacho sura ya kwanza ilihusu Corvair za 1960 hadi 1963. Ona jinsi mambo yalivyopishana: gari lilikuwa limekwisha kutengenezwa vizuri, lakini jina lake lilikuwa limekwisha kuchafuka. Kampuni ya General Motors ilifanya kosa kubwa zaidi la kuwatuma wapelelezi wamfuatilie Nader, na mwezi Machi 1966 mkuu wake, James Roche, alilazimika kuomba radhi mbele ya kamati ya Seneti. Sheria ya shirikisho ya usalama wa magari ilipitishwa mwaka huo. Corvair liliendelea kufifia, na mwaka 1969, ambao ulikuwa wa mwisho, yalitengenezwa 6,000 tu.

Ripoti uliyoisikia ilitolewa mwaka 1972. Ilisema kwamba Corvair ya zamani haikuwa rahisi kupinduka kuliko magari mengine ya wakati wake iliyolinganishwa nayo. Hilo ni kweli, na ninalikubali. Lakini kuwa sawa na wenzako si kuwa salama, na gari linalotegemea kipimo cha upepo ambacho mnunuzi wa kawaida hakuelezwa kwa uzito unaostahili lilimwekea mtego mwenye kuliamini. Nikipewa leo Corvair ya 1965 au ya baadaye nitaipokea kwa mikono miwili, kwa maana ni gari zuri la kutazama na la kuendesha. Ya 1960 nitaipokea pia, lakini kipimio cha upepo kitakaa mfukoni mwangu.

SWALI: Ndugu Mhariri, Volkswagen Beetle na Trabant yote ni magari madogo ya Kijerumani, yote yana kelele, na yote yalikaa miongo bila kubadilika sura. Kwa nini moja likapendwa dunia nzima, na jingine likawa kichekesho?

JIBU: Kabla ya kulisifu Beetle ni lazima nilitaje asili yake, kwa kuwa wapenzi wake wengi hupenda kuiruka. Lilibuniwa na Ferdinand Porsche kwa amri ya utawala wa Hitler. Wananchi wa kawaida walishawishiwa kununua stempu za akiba za marki 5 kwa wiki ili siku moja wapewe gari, na hakuna mweka akiba hata mmoja aliyekabidhiwa. Vita vilipoanza kiwanda kiligeuzwa cha kijeshi, na watu waliolazimishwa kufanya kazi bila hiari yao waliteseka ndani yake. Hakuna gari katika orodha yetu yote lenye kuzaliwa kwa aibu kiasi hicho.

Kilichobadilisha mkondo ni ofisa wa jeshi la Uingereza, Meja Ivan Hirst, aliyekikuta kiwanda kikiwa magofu baada ya vita na kukifufua, wakati ambapo watengenezaji wa magari wa nchi yake mwenyewe walilitazama gari lile na kusema halina mustakabali. Tarehe 17 Februari 1972 Beetle lilivunja rekodi ya Ford Model T kwa kufikisha magari zaidi ya milioni 15, na la mwisho kabisa lilitoka katika kiwanda cha Puebla, Meksiko, tarehe 30 Julai 2003, likiwa la 21,529,464. Sababu ya mapenzi yale ni ya kawaida sana: lilifungwa vizuri. Milango yake ilikaza kiasi kwamba wamiliki walizoea kufungua kioo kidogo kabla ya kuubamiza mlango, hewa ipate pa kutokea. Umbo halikubadilika, lakini kila mwaka vitu vidogo vya ndani vilirekebishwa, na vipuri vilipatikana popote gari lilipouzwa.

Nimrudie kidogo msomaji wa Corvair. Ekseli ile ya bawa iliyolaaniwa kule, Beetle nalo lilikuwa nayo kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano ya uzalishaji. Lilikuwa na nguvu chache, likaenda taratibu, na watu wakalisamehe.

Trabant nalo halikuanza vibaya. Lilipotoka Zwickau, Ujerumani Mashariki, mwaka 1957 lilikuwa na injini iliyolazwa kwa upana ikivuta magurudumu ya mbele, miaka miwili kabla Mini la Uingereza halijasifiwa kwa mpangilio huohuo. Bodi yake haikuwa ya karatasi, kama wadhihaki wanavyopenda kusema. Ilikuwa ya nyuzi za pamba zilizokandamizwa pamoja na utomvu wa viwandani, kwa sababu Ujerumani Mashariki ilikuwa na uhaba wa bamba za chuma. Bodi hiyo haikushika kutu. Injini yake ya silinda mbili ilikuwa na sehemu kubwa tano tu zinazotembea: pistoni mbili, fimbo zake mbili na kranki moja. Anayetaka kuielewa hali ya mmiliki na asimame naye kituo cha mafuta: anafungua boneti, kwa sababu tanki liko juu ya injini na mafuta huteremka yenyewe kwenye kabureta bila pampu, anachovya kijiti cha plastiki chenye alama kupima yaliyobaki, kwa kuwa magari mengi ya aina hii hayakuwa na geji, kisha anamimina petroli na oili kwa kipimo chake, kwa kuwa injini ile hulainishwa na mafuta inayoyachoma. Ndiko moshi wa buluu ulikotoka.

Kosa halikuwa la gari la 1957. Kosa ni kwamba modeli ya 601 ilitoka mwaka 1964, na mwaka 1989 mtu alikuwa bado anakabidhiwa gari lilelile lenye nguvu za farasi 26, baada ya kusubiri zaidi ya miaka kumi. Wahandisi wa Zwickau hawakuwa wamelala; walitengeneza mifano mipya ya kisasa katika miaka ya 1960, na viongozi wa juu wakaizuia. Ukuta wa Berlin ulipofunguka na Trabant zikavuka zikitoa moshi katikati ya magari ya Magharibi, kila mtu alicheka, maana akutukanaye hakuchagulii tusi. Mimi siwezi kuwacheka watu walioitunza injini ile kwa miaka ishirini wakiwa na spana chache na subira.

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi mstaafu. Kila mwandishi analiabudu Citroën DS, lakini hakuna anayetaja mashati yangu yaliyoharibiwa na mafuta yake ya hidroliki. Gari likilala chini asubuhi, ndani ya uvungu wake hapaingii hata mkono. Je, huoni kwamba limesifiwa kupita kiasi?

JIBU: Mzee wangu, malalamiko yako ni ya haki na sitayapunguza. DS za awali zilitumia mafuta ya hidroliki, yaani mafuta ya shinikizo yaliyoinua gari na kuendesha breki na usukani, nayo yalivuta unyevu wa hewa, na unyevu huo ulikula vyuma kutoka ndani, hivyo kwamba mfumo uliosifiwa kwenye maonyesho ulianza kuvuja mikononi mwa mtu kama wewe. Ni baada ya Citroën kuhamia kwenye mafuta ya madini ya rangi ya kijani, mwishoni mwa 1966, ndipo ugonjwa ule ulipopungua, na fundi aliyekosea akachanganya aina mbili hizo aliharibu mipira yote ya kuzibia. Ukweli mwingine usiosemwa ni kwamba injini yenyewe ilikuwa ya kizamani, imetokana na ile ya Citroën Traction Avant ya kabla ya vita, kwa sababu injini mpya ya silinda sita iliyokusudiwa haikukamilika.

Pamoja na hayo siwezi kukubali kwamba limesifiwa kupita kiasi. Lilipoonyeshwa Paris mwezi Oktoba 1955, watu waliweka oda 743 katika dakika 15 za kwanza, na kufikia jioni zilikuwa 12,000. Hawakununua umbo la Flaminio Bertoni peke yake. Niliwahi kumtazama mmiliki mmoja akibadilisha gurudumu la nyuma, na sijalisahau tendo lile. Alivuta wenzo ulio karibu na mlango, gari likajiinua lenyewe taratibu hadi juu kabisa. Akaweka kigingi cha chuma chini ya ubavu. Akaurudisha wenzo upande wa chini. Mwili wa gari ukabaki umeegemea kigingi, na gurudumu likapanda lenyewe kutoka ardhini kama mguu wa ng'ombe anayekubali kufungwa. Hakukuwa na jeki ya kusukuma wala jasho. Pampu moja ya mafuta hayo ilihudumia springi, breki, usukani na, katika modeli kamili, klachi na gia pia, nayo ilikuwa kazi ya mhandisi Paul Magès, ambaye jina lake halitajwi vya kutosha.

Tarehe 22 Agosti 1962, huko Petit-Clamart, gari la Rais Charles de Gaulle lilimiminiwa risasi. Tairi zilitobolewa, na bado DS lile lilishika barabara na kumtoa hatarini. Mashati yako, mzee wangu, yaliharibiwa na mabomba na mipira ya miaka ya kwanza. Wazo lenyewe lilistahili kila neno jema lililoandikwa.

SWALI: Ni gari lipi ambalo wewe binafsi unalisikitikia zaidi?

JIBU: NSU Ro 80 la Ujerumani, bila kufikiri mara mbili. Lilitoka mwaka 1967 likiwa na umbo la Claus Luthe ambalo hata miaka ishirini baadaye lilionekana la siku hiyo, breki za diski kwenye magurudumu yote manne, na injini ya Wankel isiyo na pistoni za kupanda na kushuka. Badala yake kuna rota ya pembe tatu inayozunguka ndani ya chumba, na kila ncha ya rota ina kipande chembamba cha kuzibia kinachosugua ukuta. Lilichaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa 1968.

Vipande vile vya nchani ndivyo vilivyoliua. Vililika mapema, injini ikapoteza mgandamizo, na NSU, iliyoona aibu kuwaangusha wateja wake, ikawabadilishia injini kwa ukarimu uliomaliza hazina yake. Husimuliwa kwamba madereva wa Ro 80 walipopishana waliinuliana vidole kuonyeshana idadi ya injini walizokwisha kubadilishiwa. Mwaka 1969 kampuni iliunganishwa na Auto Union chini ya Volkswagen, na Ro 80 likaendelea hadi 1977 likiwa na vipande bora zaidi ambavyo soko halikuwa tena na imani ya kuvijaribu. Kule Japani, kundi la Kenichi Yamamoto wa Mazda lilipambana na ugonjwa uleule, likatafuta madini moja baada ya jingine hadi likapata yaliyostahimili, na mwaka 1991 Mazda 787B yenye rota nne ikashinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans. Wazo halikuwa na kosa; NSU walikosa muda na fedha.

SWALI: Je, Fiat Multipla ya 1998 si gari lenye sura mbaya kuliko yote?

JIBU: Sura yake sitaitetea, ule mkunjo chini ya kioo cha mbele, wenye taa ndani yake, hata mimi hunishinda. Lakini ingia ndani. Watu sita wanakaa kwa raha, watatu mbele na watatu nyuma, katika gari lisilofika mita 4 kwa urefu. Mwaka 2004 Fiat waliifuta sura ile na kuweka ya kawaida, na gari likapoteza kitu pekee ambacho watu walikikumbuka.

SWALI: Na Yugo? Mjomba wangu alinunua moja nchini Marekani, likafa kabla hajamaliza kulilipia.

JIBU: Yugo liliingia Marekani mwaka 1985 kwa dola 3,990, likiwa gari jipya la bei nafuu kuliko yote sokoni. Umbo na mitambo yake vilitokana na magari madogo ya Fiat, ambayo hayakuwa mabaya. Mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, ulipaswa kubadilishwa gari lifikapo kama maili 40,000, na ukikatika, valvu hukutana na pistoni na injini imekwisha. Gari liliuzwa kwa watu waliolichagua kwa sababu hawakuwa na fedha, kisha likawadai nidhamu ya matengenezo ambayo muuzaji hakuwasisitizia. Umaliziaji wa kiwandani pia ulikuwa hafifu, na hapo siwezi kulitetea. Nakushauri umuulize mjomba wako kama mkanda ule uliwahi kubadilishwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimezisoma safu zako kwa muda mrefu, na naona kila gari linaloshambuliwa wewe hulitafutia udhuru. Je, lipo hata moja ambalo unaamini lilistahili kuchukiwa?

JIBU: Lipo, nalo ni Ford Pinto la mwaka wa modeli wa 1971 hadi 1976. Nitalisema kwa uangalifu kwa sababu watu walikufa.

Lilikuwa gari dogo, la bei nafuu, lililoharakishwa ili kukabiliana na magari madogo kutoka nje. Tanki la mafuta liliwekwa nyuma ya ekseli, kati yake na bampa nyembamba. Hilo pekee halikuwa ajabu, kwa kuwa magari mengi ya Marekani yalikuwa hivyo. Lakini nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo, na kwenye kasha la difu kulikuwa na bolti zinazotazama tanki. Gari likigongwa kutoka nyuma, tanki husukumwa mbele na kukutana na bolti zile. Bomba la kujazia nalo huweza kuchomoka kutoka mahali pake, na petroli humwagika. Majaribio ya Ford yenyewe kabla ya gari kuuzwa yalionyesha uvujaji katika migongano ya mwendo wa kama maili 20 kwa saa. Waliyaona na wakaendelea kuuza. Hapo ndipo udhuru wangu unapokoma.

Hata hivyo sitaki tulichukie kwa jambo lisilo lake. Ule waraka maarufu uliokadiria uhai wa mtu kuwa dola 200,000, na kuulinganisha na dola 11 za kurekebisha kila gari, haukuandikwa kuhusu Pinto kugongwa nyuma. Ulihusu magari ya Marekani kwa jumla yanapopinduka, na uliwasilishwa kwa wasimamizi wa usalama serikalini, jambo ambalo Profesa Gary Schwartz alilieleza kwa kina mwaka 1991. Mwaka 1980 baraza la wazee wa mahakama kule Indiana liliiachia Ford katika kesi ya jinai kuhusu vifo vya wasichana watatu. Anayetaka kulishtaki Pinto na aache waraka ule, ashike matokeo ya majaribio, maana hayo yanatosha.

Mwezi Juni 1978, baada ya shinikizo la gazeti la Mother Jones, la mahakama na la wasimamizi wa usalama, Ford iliyarudisha magari milioni 1.5, Pinto pamoja na ndugu yake Mercury Bobcat. Marekebisho yaliyofanywa ni haya: bomba la kujazia mafuta lilirefushwa na kuzibwa vizuri zaidi, na ngao ya plastiki ikapachikwa kati ya tanki na zile bolti za difu.